Mmea Uliolala Mezani

Katika maonyesho ya wakulima ya kwetu meza ya maua huwekwa mwisho kabisa. Ukiingia langoni unapokewa na fahali aliyeogeshwa, kisha zinafuata mashine za kukoboa, mbegu za makampuni, maboga, mikungu ya ndizi, na muhogo mrefu kuliko mtoto. Ndipo, karibu na wauza soda, unaiona meza moja iliyotandikwa kitambaa, na juu yake makopo ya maua. Mimi huanzia hapo. Mke wangu husema huo ni uzungu wa kijinga, na pengine ni kweli. Lakini nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi, na najua kuwa ukitaka kuijua nyumba, tazama mgeni aliyekuja mikono mitupu ameketishwa wapi.

Nataka kuhakiki hukumu moja iliyotolewa kwenye meza kama hiyo mwezi wa Agosti, mwaka 2017. Msomaji anionee mashaka, kwani aliyeshindwa siku ile ni mimi, na mshindwa hafai kukalia kiti cha hakimu. Hata hivyo hasira imekwisha kupoa, na jambo lenyewe bado linanikera.

Nilipeleka sufuria pana, kuukuu, iliyotoboka kitako, nikiwa nimeijaza changarawe na udongo kidogo sana. Ndani yake uliota mmea ambao wataalamu huuita Craterostigma plantagineum. Ni mmea mdogo unaolala chini kabisa, majani yamejipanga duara kama sahani, na mvua ikinyesha hutoa maua madogo yenye rangi ya zambarau. Huota mahali ambapo mimea mingi huona haya kuota, yaani kwenye udongo wa kina cha vidole viwili juu ya mwamba. Aliyezaliwa Tarime au Serengeti anaijua miamba hiyo. Ni mawe ya kale mno, ardhi laini iliyoyafunika imekwisha kuchukuliwa na mvua za karne zisizohesabika, nayo yamebaki yamesimama nyikani kama visiwa. Watalii huyaita kopje, neno la Makaburu. Sisi tulipokuwa wachungaji tulipanda juu yake ili tuwaone ng'ombe wote kwa mara moja, na huko juu ndiko nilikoufahamu mmea huu, kwa kuukalia.

Mwezi wa Agosti mmea huu huwa umekauka. Sisemi umenyauka, umekauka kabisa, majani yamejikunja kuelekea katikati kama ngumi ya mtoto mchanga, rangi imekuwa ya majivu. Hivyo ndivyo unavyokiishi kiangazi. Katika Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, wataalamu wameuchunguza kwa miaka mingi, na maelezo yao ni ya kustaajabisha. Majani yake huweka akiba ya sukari ya aina adimu iitwayo oktulosi. Maji yanapokwisha, akiba hiyo hugeuzwa kuwa sukari ya kawaida kama hii tunayotia katika chai, nayo husaidia kuzilinda chembe hai zisiharibike kwa ukavu. Mvua ikirudi, kwa muda wa siku moja hivi majani hufunguka na kuwa mabichi tena.

Basi nikaupeleka ukiwa mkavu, kwa basi, kwa ile barabara ya kutoka Tarime kupitia Nyamongo hadi Mugumu, sufuria nimeipakata kama mjukuu. Jaji alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, bwana shamba."

Akaiinamia sufuria. "Huu umekufia njiani, mwalimu. Vumbi la barabara hii!"

"Haujafa. Umelala."

"Unatibu nini?"

"Hautibu kitu, mura. Unangoja mvua."

Akacheka kwa heshima, akaandika neno katika karatasi yake, akaenda kwenye waridi jekundu la jirani yangu. Waridi likashinda. Jioni, kwa ukaidi tu, nikaumwagia mmea wangu vikombe viwili vya maji. Kesho yake asubuhi saa nne ulikuwa umefunguka wote, kijani kabisa, na vijana wawili waliokuwa wakikunja viti wakasimama kuutazama. Majaji walikwisha kuondoka na zawadi zilikwisha kugawiwa.

Swali la "unatibu nini" simlaumu nalo yule kijana. Ndilo swali ambalo uwanja mzima umejengwa ili kuliuliza. Kila kilichopo pale kina kadi yake inayotaja uzito, bei, magunia kwa ekari moja. Kwa mahindi ni haki. Kasoro yenyewe naiona katika kalenda. Zamani tulikuwa na Saba Saba, na tangu miaka ya 1990 wakulima wana Nane Nane yao, lakini Julai na Agosti zote ni kiangazi, wakati mavuno yamekwisha kuingia ghalani na mkulima ana nafasi ya kujivuna. Mimea ya mwambani wakati huo imekwisha kufunga mlango. Kuihukumu mwezi wa Agosti ni kama kwenda kumpima mtu sauti yake ya kuimba usiku wa manane akiwa usingizini.

Wenzetu wa Uingereza wana chama kiitwacho Alpine Garden Society, kilichoanzishwa mwaka 1929 kwa ajili ya mimea ya milima mirefu na ya bustani za mawe. Maonyesho yao mengi hufanywa majira ya kuchipua, na machache majira ya kupukutika majani, kwa sababu ndipo mimea hiyo inapokuwa na la kusema. Mmea uliopita yote siku hiyo hupewa Nishani ya Farrer, kwa jina la Reginald Farrer aliyeishi kati ya 1880 na 1920 na kufariki katika milima ya Burma akitafuta mimea. Huyu alikuwa na ulimi mkali. Aliwakejeli matajiri waliosimamisha mawe wima bustanini mwao bila kufikiri jiwe hulalaje mlimani.

Nilipoyasoma hayo nililiona jambo moja ambalo meza yetu haina. Jaji wa kule huuliza ni shida kiasi gani kuukuza mmea huu, na mwonyeshaji ameishi nao kwa muda gani. Mmea mgumu kukuzwa, hata ukiwa mdogo, unaweza kuushinda mkubwa ulio rahisi. Yaani anayehukumiwa kwa kweli ni mtunzaji, subira yake na macho yake. Hilo nalisifu bila kusita.

Lakini sisifu yote. Nimezitazama picha za washindi wao. Vyungu visafi, vijiwe vidogo vimetandazwa juu ya udongo kwa ustadi, na mmea katikati umeumuka duara kamili, maua yamejaa hata jani halionekani. Ili upate duara hilo, mtunzaji huukinga mmea na mvua kwa paa la kioo na kukigeuza chungu kila baada ya siku chache ili jua lisiupendelee upande mmoja. Ni kazi ya mapenzi, sikatai; ila mmea uliozaliwa kupambana na upepo umefugwa kama kuku wa kisasa. Sijauona hata mmoja mwambani ulio duara. Wa kwetu una upande uliotafunwa na pimbi na upande uliobanwa na ufa. Ningekuwa jaji, ningempa alama mwonyeshaji aliyeubakiza ufa.

Tena tusijidai kwamba mambo haya ya maonyesho ni ya Wazungu peke yao nasi hatuhusiki. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani kule Tanga, aliokota mmea mdogo wa maua ya urujuani unaoota kwenye miamba yenye kivuli, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliupa jina Saintpaulia, na mwaka huohuo ukawekwa katika maonyesho ya kimataifa ya Ghent, Ubelgiji. Leo vizazi vyake vimejaa katika madirisha ya Ulaya na Marekani, vinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Wataalamu sasa wameuingiza katika jamii ya Streptocarpus, lakini wauzaji wala hawajali. Na huku Usambara aina kadhaa za ndugu zake wa porini zimo hatarini kutoweka, kwa kuwa msitu unaozitilia kivuli unakatwa. Meza ya Ghent iliupa mmea utukufu, mwamba haukupata hata shukrani. Hapo ndipo ninapomgeukia Farrer na wafuasi wake na kuwauliza swali la kijana wetu, ila kwa namna nyingine: onyesho lenu linautibu mlima nini?

Sisi nasi tuna dhambi yetu, nayo ni chokaa. Bustani ya mawe ya kwetu ni mawe yaliyopangwa mstari mbele ya ofisi na kupakwa rangi nyeupe. Nimewapangia wanafunzi kazi hiyo mara nyingi kila tuliposikia mkaguzi anakuja, tukiyang'oa mawe yenye ukoga mzuri wa rangi tatu ili tuyafanye meupe pe kama mayai. Bustani ya mawe iliyo bora niliyopata kuiona ni ya hoteli za Seronera na Lobo, ndani ya hifadhi, ambazo tangu miaka ya 1970 zimesimama katikati ya miamba yenyewe. Mjenzi aliyaacha mawe yakae, akaizungusha nyumba. Hakuna jaji aliyehitajika.

Sasa nilitaje lile la kosa langu. Ningeweza kuumwagilia mmea usiku wa kuamkia hukumu. Ungekuwa kijani, huenda hata ungeshika nafasi ya pili. Sikufanya hivyo kwa kiburi cha ualimu. Nilitaka jaji afeli mtihani.

Baada ya maonyesho nilikusudia kuurudisha nilikoutoa, juu ya mwamba ulio nyuma ya mji wa marehemu tata. Nilikwenda Desemba ya mwaka uleule. Nilisikia nyundo kabla sijaona kitu. Vijana wa ukoo walikuwa wamewasha moto juu ya mwamba, jiwe likipata joto hupasuka, na chini yake akina mama wamekaa kwenye magunia wakigonga kokoto na kuzipima kwa debe. Ufa niliouchimbua mmea wangu haukuwapo. Upande wote ule ulikuwa umeliwa.

"Mwalimu, unapanda maua?" akaniuliza mke wa mdogo wangu, bila kuacha kugonga.

"Nilikuja kuurudisha huu, shemeji."

"Urudishe wapi?"

Nikakosa jibu. Naye hakunidhihaki, alisogea akanipa nafasi ya kukaa kivulini. Kokoto zile zilikwenda kujenga madarasa ya sekondari ya kata, na mjukuu wangu amesoma ndani yake. Siwezi kuyasema vibaya madarasa hayo, wala sitaki kujifanya kwamba debe la kokoto halimlishi mtu.

Sufuria nikarudi nayo nyumbani. Imekaa juu ya ukuta wa choo, mahali penye jua, na mmea umeongezeka hata nikaugawa katika sufuria ya pili. Msimu wa mvua huchanua, kiangazi hukunja ngumi yake. Mwaka huu nimejiandikisha tena kwa meza ileile ya mwisho. Usiku wa kuamkia siku ya hukumu sufuria moja nitainywesha maji, nyingine nitaiacha kavu, niziweke zote mbili pamoja, na kati yake kipande cha mwamba wa kwa tata nilichokiomba kwa shemeji kabla hajakigonga. Kadi nayo nimekwisha kuiandika: mahali ulipotolewa, mwaka, na kwamba mahali hapo hapapo tena. Kwenye mstari wa matumizi sijaandika kitu bado.