Theluji kwa Lugha ya Bahari

Mfasiri wa Kiswahili anayezikabili hadithi za Kirusi hukwama mapema, tena kwa jambo linalodhaniwa kuwa dogo: theluji. Neno lenyewe lipo, limetoka kwa Waarabu. Na jirani yake, barafu, limetoka Uajemi, ambako maana yake hasa ni hiyo hiyo theluji. Lakini pwani iliyapokea maneno yote mawili bila ya kitu chenyewe. Barafu ikawa ya kutia katika sharubati, theluji ikabakia kileleni Kilimanjaro, ya kutazamwa kwa mbali na kusifiwa. Warusi wana majina kadhaa ya theluji ipeperushwayo na upepo, na kila jina lina nguvu yake. Anayeyakusanya yote katika "dhoruba ya theluji" hakukosea, ila amempa msomaji picha ya kalenda mahali palipohitaji khofu.

Dawa iliyozoeleka ni maelezo chini ya ukurasa. Dawa hiyo ni dhaifu. Aliyemo katika khofu hasomi maelezo.

Pushkin ameacha njia nyengine katika "Binti wa Kapteni", riwaya yake ya mwaka 1836. Kijana Grinyov ametoka kwao, anakwenda Orenburg kuanza kazi ya uaskari. Njiani mwendesha farasi anamwonyesha kiwingu cheupe pambizoni mwa mbingu na kumshauri arudi. Kijana anaona upepo si mkali, anaamrisha safari iendelee. Baada ya muda mbingu na ardhi zimekuwa kitu kimoja, na gari lao linapanda na kushuka vilima vya theluji. Hapo Pushkin analifananisha na chombo kilichomo katika bahari iliyochafuka. Msomaji wa Moscow alihitaji kuifikiria bahari ili auone uwanda ule. Msomaji wa Pemba au Lamu anaingia kwa mlango wa pili: bahari anayo, na kwa hiyo anapewa theluji. Tashbihi ile ile inafanya kazi kinyumenyume, wala haihitaji maelezo.

Na si tashbihi tu. Mtu asiyejulikana anatokea gizani, anapokea kazi ya kuwaongoza, na anaijua njia kwa sababu upepo umegeuka na umemletea harufu ya moshi. Penye moshi pana kijiji. Elimu hii ni ya nahodha kuliko ya mtu wa bara. Yeyote aliyekaa na wazee wa baharini wanaojua nchi kavu iko karibu kabla ya macho kuiona, atamfahamu mtu huyu. Grinyov anamlipa kwa koti la ngozi ya sungura, na koti hilo baadaye litamwokoa roho, kwani kiongozi yule ni Pugachev, kiongozi wa uasi. Pushkin hakai sana hapo. Ana haraka ya hadithi.

Asiye na haraka ni Tolstoy. Yeye mwenyewe alipotea usiku kucha katika theluji mwezi wa Januari 1854, akirejea kwao kutoka Kaukazi, na miaka miwili baadaye akachapisha hadithi juu ya usiku wa namna hiyo. Lakini kilichoiva ni hadithi ya mwaka 1895, ambayo Waingereza wameiita kwa maneno yenye maana ya "Bwana na Mtu wake". Kwa Kiswahili jina hilo ni mtego. "Bwana na Mtumwa" lingekuwa kosa la tarehe: mambo yanatokea katika miaka ya 1870, na wakulima wa Urusi walikwisha kuachiwa huru mwaka 1861. Katika visiwa hivi, ambako amri ya kufuta utumwa ilitoka mwaka 1897, si neno la kurushwa ovyo. "Tajiri na Mtumishi" ndiyo tafsiri yake, kwa kuwa pwani humwita tajiri mwenye mali na mwenye kuajiri kwa neno moja, na Vasily Brekhunov ndivyo alivyo. Nikita anastahili rubli 80 kwa mwaka. Tajiri humpa kama 40, tena si taslimu, bali bidhaa za dukani kwa bei ya juu. Nani pwani asiyelijua duka hilo?

Tajiri ana rubli 700 zake na 2,300 za kanisa, anakwenda kununua msitu kabla ya wafanyabiashara wa mjini kuuwahi. Wanapotea, wanaangukia kijiji cha Grishkino. Wanatoka, wanapotea, wanaangukia Grishkino tena. Nguo zilizoanikwa kwenye kamba zinawapokea mara zote mbili, na mara ya pili shati jeupe limebakia kushikwa na mkono mmoja uliogandishwa. Katika nyumba wanapewa chai na wanaombwa walale. Nikita anatamani kulala, lakini hakuulizwa kama mtu wa kuulizwa. Kijana wa nyumba anayewasindikiza anakariri mashairi ya tufani aliyoyasoma katika kitabu cha shule, amefurahi, kisha anarudi kwao kulala. Watunzi wa mashairi wangefaa kuisoma sehemu hiyo polepole.

Ustadi wa Tolstoy umo katika namna anavyowapima watu wawili kwa kazi za mikono. Walipokwama, Nikita anamfungua farasi, anamfunika, anasimamisha miti ya gari juu na kufunga kitambaa, ili wakizikwa wapate kuonekana. Kisha anachimba kishimo chake nyuma ya gari na kutulia. Tajiri ana makoti mawili ya manyoya na hatulii. Anahesabu mali, anawasha viberiti, mwisho anampanda farasi na kumwacha mwenziwe. Anazunguka, anakikuta kichaka kikavu kinachopigwa na upepo, anakwenda mbele na kukikuta tena kile kile. Farasi ndiye anayerejea kwenye gari. Hapo tajiri anamlalia Nikita kwa koti lake na mwili wake, na anakufa akiwa amempa joto.

Wapo wanaoona kwamba mwisho huo ni hutuba, na hawakosi hoja: mabadiliko ya Brekhunov ni ya ghafla, na ndoto yake ina sauti ya mimbari. Hata hivyo mwandishi hakumwachia yeye ukurasa wa mwisho. Wanafukuliwa adhuhuri nusu versti tu kutoka kijijini, yaani kiasi cha mita 500.

Kiswahili si kigeni kabisa katika nchi hiyo. Salim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na tajiri wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, mwaka mmoja baada ya hadithi hii kutoka, na habari zake zikachapishwa na Velten mwaka 1901 katika "Safari za Wasuaheli". Naye alikwenda kwa amri ya mwengine. Mfasiri anayetafuta lugha ya Nikita angeanzia katika nathari ile, yenye sentensi fupi na macho makavu, kabla ya kuifungua kamusi.

Maana Nikita ndiye mtihani. Anapofukuliwa anadhani amekwisha kufa, na anashangaa kuwa huko ahera wakulima wanapiga kelele vile vile. Akitambua kwamba bado yu duniani, anasikitika kuliko kufurahi, hasa akihisi vidole vya miguu vimeganda. Vitatu vilikatwa, naye akaishi miaka 20 mingine, akifanya kazi kwanza, kisha akilinda usiku.