Omar Mukhtar katika Sinema, na Libya katika Mizani



Sisi watu wa pwani tuna dasturi ya kuzitilia shaka picha za sinema, na dasturi hiyo haina kosa, kwani nyingi katika hizo huingiza nyumbani mwetu maneno ambayo tusingemruhusu mgeni kuyasema mbele ya watoto wetu. Lakini iko picha moja ambayo mzee aweza kuitazama pamoja na wanawe pasina kuinamisha kichwa, ingawa ina vita na damu. Nayo ni Lion of the Desert, yaani Simba wa Jangwani, ya mwaka 1981. Aliyeitengeneza ni Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo katika nchi ya Syria, ambaye kabla yake alitengeneza The Message. Inasimulia habari za Sheikh Omar Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani aliyepigana na Wataliana katika Libya hata wakamnyonga tarehe 16 Septemba 1931, naye ni mzee wa kiasi cha miaka 70.

Leo nataka tuipime picha hii, na tuipime kwa nchi yenyewe. Kwani atakayeiona picha asiijue nchi atapata nusu ya funzo, na nusu ya funzo huweza kudhuru.

Libya ni nchi kubwa sana, karibu mara mbili ya Tanzania kwa upana wa ardhi, lakini watu wake wote ni milioni 7 hivi. Sababu ni jangwa. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nchi ni mchanga na mawe, wala hakuna mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Kwa hivyo watu wamesongamana pwani ya bahari ya Mediterania, Tripoli upande wa magharibi na Benghazi upande wa mashariki. Karibu na Benghazi ndipo ulipo Jabal Akhdar, mlima wa kijani, wenye mvua na misitu na mapango. Huko ndiko alikopigania Omar Mukhtar. Basi ukiitazama picha usidhani kuwa ni mchanga mtupu ulioshinda majeshi. Ni mlima, na watu wa mlima waliowalisha wapiganaji.

Watu wa Libya aghlabu ni Waarabu, wa madhehebu ya Imam Malik. Wapo pia Waberberi wa Jabal Nafusa, ambao wengi wao ni Maibadhi, ndugu wa madhehebu wa Waomani tunaowajua Unguja na Pemba. Mmoja katika wakubwa wao, Sulayman al-Baruni, alipigana na Wataliana walipoingia mwaka 1911, na mwishowe akahamia Oman. Kusini wako Watuareg na Watubu. Nchi hii, kwa hiyo, si kabila moja wala lugha moja.

Ama nguvu ya Omar Mukhtar ilitoka wapi? Ilitoka katika zawiya za Masanusi. Muhammad bin Ali al-Sanusi, aliyezaliwa Algeria, alianzisha zawiya Jabal Akhdar mwaka 1843, na baada yake zikaenea jangwani kote. Zawiya haikuwa msikiti tu. Ilikuwa chuo, kisima, shamba, nyumba ya wageni na mahali pa kusuluhishia ugomvi. Omar Mukhtar alisoma katika zawiya ya Jaghbub, kisha akawa mkuu wa zawiya yeye mwenyewe. Wataliana walilifahamu jambo hili vizuri, ndiyo maana mwaka 1930 Jemadari Graziani alizifunga zawiya na kuzitwaa mali zao. Akawahamisha watu kiasi cha 100,000 kutoka mlimani, akawatia katika makambi yaliyozungushiwa waya, na makumi ya maelfu wakafa humo kwa njaa na maradhi. Halafu mwaka 1931 akatandaza waya wa miba tangu baharini hata Jaghbub, kilomita 270 hivi, ili msaada usipite kutoka Misri.

Picha inatuonyesha makambi hayo, na hapa yastahili sifa. Serikali ya Italia iliipiga marufuku mwaka 1982, na mtu hapigi marufuku uwongo usiomuuma. Anthony Quinn, aliyemwigiza Omar Mukhtar, anamweka mbele yetu mzee mtulivu, mwenye miwani na msahafu, asiyetafuta sifa. Tunamwona akiwasomesha watoto Suratur-Rahman, akiwafafanulia habari ya mizani. Na baadaye, wapiganaji wake wanapotaka kumuua kijana wa Kitaliana waliyemshika, kwa hoja kwamba Wataliana nao huwaua mateka, mzee anakataa. Anawafahamisha kuwa adui si mwalimu wao. Hilo, ndugu msomaji, ndilo neno kubwa kuliko mapigano yote yaliyomo.

Lakini yatubidi tuseme na upungufu wake. Picha inakwisha kwenye kamba ya kunyongea mwaka 1931, na mtazamaji huondoka akidhani kuwa dhulma ilikuja na mgeni, na mgeni akiondoka dhulma nayo huondoka. Tena wazee walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Fedha za picha hii zilitolewa na serikali ya Muammar Gaddafi. Libya ilipata uhuru tarehe 24 Desemba 1951 chini ya Mfalme Idris, mjukuu wa yule Sanusi mkubwa, naye ndiye aliyepinduliwa na Gaddafi tarehe 1 Septemba 1969.

Sasa uiweke serikali hiyo katika mizani ya mzee iliyemlipia sinema. Mwaka 1979, miaka 2 kabla ya picha kutoka, iliwapeleka vijana wake Uganda kumpigania Idi Amin dhidi ya Tanzania, na mamia yao wakafa katika nchi ya watu, katika vita visivyowahusu. Mwaka 1984, miaka 3 baada ya picha, ikamnyonga kijana katika uwanja wa michezo wa Benghazi, mwezi wa Ramadhani, na televisheni ikawaonyesha watu. Mwaka 1996 wafungwa wapatao 1,200 waliuawa katika gereza la Abu Salim. Kamba ni ile ile, ndugu yangu. Aliyebadilika ni mwenye kuishika.

Wala haikuwa serikali maskini. Kabla ya mafuta kugunduliwa mwaka 1959, Libya ilikuwa katika nchi fukara sana duniani, ikiuza majani ya halfa na vyuma vikuukuu vya vita. Leo ina akiba ya mafuta kubwa kuliko nchi yoyote ya Afrika. Na haki isemwe: fedha hizo zilijenga shule na hospitali, na mabomba makubwa yaliyoleta maji kutoka chini ya jangwa hata Benghazi mwaka 1991. Lakini mali bila ya uadilifu haidumu. Gaddafi aliuawa Oktoba 2011, na tangu 2014 nchi imegawanyika baina ya watawala wa magharibi na wa mashariki. Uchaguzi uliopangwa Desemba 2021 haukufanyika. Septemba 2023 mabwawa mawili ya mji wa Derna yalipasuka kwa mvua, maelfu wakachukuliwa na maji, na nyufa zake zilikuwa zikijulikana tangu miaka mingi. Na makambi yamerudi: humo hufungwa vijana wa Kisudani, Kisomali na Kieritrea wanaotaka kuvuka kwenda Ulaya, wakapigwa mpaka jamaa zao walipe. Mwaka 2017 ulimwengu uliona watu wakinadiwa mnadani.

Je, ni nani aliyewafundisha haya? Si Omar Mukhtar. Walimchukua Graziani wakamfanya mwalimu.

Basi picha hii tuionyeshe nyumbani, ni njema. Lakini ikisha, tusiwaache watoto walale na sauti ya bunduki masikioni. Tuwaulize: yule mzee aliwezaje kumwachilia kijana yule? Kisha tujiulize na sisi tulio wakubwa, kwa mtumishi wa nyumbani, kwa yatima tunayemlea, kwa jirani aliyetukosea: tunapopata nguvu kidogo, tunafuata mafunzo ya nani? Maana mizani hiyo haikuwekwa kwa ajili ya Walibya peke yao.

Wabillahi tawfiq.