Bangili Aliyouziwa Mgeni

Tangu tarehe 1 Januari 2021, mgeni anayelala katika hoteli za Walt Disney World huko Florida hapewi tena bila malipo MagicBand, bangili yake ya kufungulia chumba na kulipia. Na msomaji aliyeizoea safu hii, ambaye kwa miaka amenivumilia nikirudia habari za milango, foleni na mifuko ya watu katika bustani za burudani, hatashangaa nikisema mapema kwamba katika historia nzima ya MyMagic+, mpango ulioizaa bangili hiyo, siuoni uamuzi uliokosewa kwa dhahiri zaidi kuliko huo.

Ufundi wenyewe ulikuwa mzuri. Ndani ya MagicBand mlikuwa na redio mbili, moja ya kusomwa kwa kugusa na nyingine ya kusikika kwa mbali, pamoja na betri iliyodumu kiasi cha miaka miwili pasi na kuchajiwa. Vizuizi vya kuzunguka viliondolewa milangoni, na hata mtoto asiyejua kusoma aliweza kufungua chumba cha wazazi wake.

Lakini ufundi peke yake hauelezi kwa nini kampuni ilikubali kutumia fedha zilizokadiriwa kufikia dola bilioni 1 ili kuwavisha wageni wake bangili za mpira. Bangili ilifungamanishwa na kadi ya benki ya mgeni, na ununuzi ukathibitishwa kwa tarakimu nne za siri, basi. Wasomi wawili, Drazen Prelec na Duncan Simester, walikwisha kuonyesha mwaka 2001 kwamba watu walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa bei kubwa mno kuliko walioambiwa watalipa taslimu, pengine hata maradufu, kwa tikiti ile ile ya mchezo. Na maadamu kadi, ambayo angalau hutolewa mfukoni ikaonekana, huweza kuulegeza mkono kiasi hicho, sembuse kitu kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono ambacho mwenyewe amekwisha kusahau kwamba amekivaa?

Tazama Harambe, kijiji ambacho mbunifu wa Disney Joe Rohde na wenzake walikijenga ndani ya bustani ya Animal Kingdom mwaka 1998 kwa kuiga miji yetu ya pwani, chenye vibao vya Kiswahili na duka liitwalo Mombasa Marketplace. Katika miji ya kweli inayoigwa pale, mnunuzi huuliza bei, hunyamaza, huomba apunguziwe, huzitoa noti na kuzihesabu mbele ya muuzaji, na katika kila hatua ya hizo nafsi yake hupata fursa ya kughairi. Katika kijiji kilichoigwa, kwa uhodari ambao sitaacha kuusifu hata kama Rohde mwenyewe alistaafu Januari ile ile ya 2021, mkono hugusa, taa huzunguka, na mtu huondoka na mzigo wake kabla moyo haujapata habari.

Nayasema haya si kwa kuupinga mpango mzima, kwani sikupata kuupinga. Palikuwa na mapatano kati ya mwenyeji na mgeni, ambayo hayakuandikwa popote lakini kila aliyefika aliyafahamu: wewe utatumia kwa wepesi, nasi tutakurahisishia safari. Bangili ililetwa mpaka nyumbani kwako kabla hujafunga sanduku, ikiwa na jina lako kwa ndani na rangi uliyoichagua. Basi la Magical Express likakuchukua kiwanja cha ndege bure. FastPass+ ikakuwekea nafasi tatu za kukwepa foleni kwa siku bila senti ya ziada, nawe mwenye kulala hotelini ukaruhusiwa kuzichagua siku 60 kabla. Mwenyeji alifaidi, tena sana, lakini gharama ya chombo kilichomfaidisha aliibeba mwenyewe, nami naona hiyo ndiyo insafu ya biashara.

Uamuzi wa 2021 uliuvunja upande mmoja wa mapatano na kuubakiza mwingine. Wepesi wa kutumia ulibaki kama ulivyokuwa, kwa kuwa kila kaunta bado ilikuwa na kisomeo chake. Ulioondolewa ni wepesi wa kutembea, ambao sasa ulitiwa bei. Watetezi wake hujibu kwamba mgeni anaweza kuomba kadi ya plastiki, au kutumia simu yake kupitia MagicMobile iliyoanza Machi 2021, na vyote viwili havilipiwi. Ni kweli, wala sifichi. Lakini kadi haina ile redio ya mbali, na hukaa mfukoni pamoja na kila kinachopotea mfukoni. Nayo simu, ambayo nimekwisha kuilalamikia katika safu hii hata wahariri wakachoka, ndiyo chombo kibaya kuliko vyote kumpa mzazi aliyesimama juani katika joto la Florida, mtoto mmoja begani na mwingine akivuta suruali, kioo hakisomeki kwa mwanga, betri imebaki kidogo, na mvua ya alasiri i njiani. Fadhila kuu ya bangili ilikuwa kuiacha mikono mitupu na macho yakitazama mbele. Kumrudisha mgeni kwenye simu ni kumrudisha kwenye dirisha la duka, kwa sababu programu ile ile inayofungua mlango ndiyo inayomuuzia njia ya mkato. Na haikupita hata mwaka, kwani Oktoba 2021 Genie+ ilitoka kwa dola 15 kwa kila mtu kwa siku, ikichukua mahali pa ile FastPass+ iliyokuwa bure, na mwanzoni mwa 2022 Magical Express nayo ikakoma.

Kisha, Julai 2022, ikaja MagicBand+, bei yake ikianzia dola 34.99. Kwa bei hiyo, familia ya watu watano iliyotaka bangili ilitakiwa itoe karibu dola 175 kununua ufunguo wa chumba ilichokwisha kukilipia, na ufunguo wenyewe, tofauti na uliotangulia, unahitaji kuchajiwa.

Hao wenyeji wa Disney huwaita wateja wao wageni, na sisi tunalijua neno hilo uzito wake. Hata wenzao katika kazi hiyo hiyo walilielewa. Universal walipofungua bustani yao ya maji ya Volcano Bay Mei 2017, kila aliyeingia aliazimwa bangili ya TapuTapu mlangoni, ikamshikia zamu yake kwenye foleni, naye akairudisha wakati wa kutoka. John Padgett, mmoja wa waliobuni bangili ya Disney, alikwenda katika meli za Carnival akatoa kifaa cha kuvaliwa cha Ocean Medallion mwaka huo huo, na abiria wakapewa ndani ya nauli. Kinyume cha mifano hiyo ni Super Nintendo World ya Osaka, iliyofunguliwa Machi 2021, ambako wakati huo asiyelipa yen 3,200 za bangili aligeuka mtazamaji wa michezo katika bustani aliyolipia kiingilio. Nami bado nina kinyongo na jambo hilo.

Wa zamani walikuwa waungwana zaidi katika suala la hesabu. Kitabu cha tikiti cha Disneyland, kilichoanza Oktoba 1955 na herufi A, B na C, kikaongezwa D, na mwaka 1959 ile E iliyopata umaarufu, kilikuwa na adha zake, walakini kila ulipochana karatasi uliona kitabu kinakonda. Hivyo hivyo Club Med, ambako mgeni alilipia kinywaji kwa shanga alizozivaa shingoni, na mkufu ukipungua alijua bila kuambiwa.

MagicBand+ ina taa za rangi na hutetemeka mkononi. Mnamo 2022 vipawa hivyo vilitumiwa kumsalimu mgeni alipopunga mkono mbele ya sanamu za rangi ya dhahabu za wahusika 50, zilizowekwa kwa ajili ya nusu karne ya Walt Disney World, na kung'aa pamoja na fataki za usiku. Kutetemeka mara moja kila mgeni atumiapo dola 100 kungehitaji mtambo ule ule, taa zile zile, na betri ile ile ambayo yeye mwenyewe sasa huichaji kila usiku hotelini.