Kumsoma Farasi Kuumeni na Kukeni

Mgeni wa mambo haya akipewa nasaba ya farasi wa mbio huipanda kwa upande wa baba: baba, babu, baba wa babu. Akimfikia Darley Arabian anatabasamu kama aliyeokota dhahabu. Hajaokota kitu. Kati ya madume 100 ya mbio ya leo, takribani 95 humfikia yeye kuumeni. Jina ambalo karibu kila mtu analo halikusaidii kuchagua.

Dume huyo alinunuliwa na Thomas Darley huko Aleppo, Syria, akafikishwa Aldby Park, Yorkshire, mwaka 1704. Huko alizaa ndugu wawili wa baba na mama mmoja. Flying Childers hakushindwa hata mara moja, akawa gumzo la Uingereza. Mdogo wake, Bartlet's Childers, hakukimbia kabisa kwa kuwa alikuwa akitokwa damu. Kama ungeambiwa uchague mmoja, ungemchukua nani? Ukoo ulipitia kwa yule mgonjwa. Alimzaa Squirt, ambaye kwato zilimtesa hadi, husimuliwa, aliponea chupuchupu kupigwa risasi baada ya mtunzaji wake kumwombea. Squirt akamzaa Marske. Marske akamzaa Eclipse, mwaka 1764, aliyekimbia mara 18 na kushinda zote.

Kwa hiyo dume mpime kwa watoto wake kwanza. Vikombe vyake mwenyewe vije baadaye.

Kisha shuka kukeni, ambako wengi hawafiki. Mama yake Eclipse, Spilletta, alikuwa binti wa Regulus, na Regulus alikuwa mwana wa Godolphin Arabian, dume jingine kubwa la mwanzo. Aliyesoma upande wa baba tu hakuiona damu hiyo. Mimi huanza na mstari wa chini kabisa wa nasaba: mama kazaa wangapi, wangapi wamekimbia, na wadogo zake wameishia wapi. Mama aliyezaa wakimbiaji watatu kwa madume matatu tofauti ananishawishi kuliko mama wa bingwa mmoja. Angalia pia jina linalojirudia pande zote mbili, kama la dume Northern Dancer; likiwa karibu mno, gharama yake hulipwa na miguu.

Karatasi ikishasomwa, ikunje. Hata kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, farasi huzungushwa mbele ya watu kabla ya mbio, na hapo nasaba haina la kusema. Simama ubavuni umtazame akitembea, si akirukaruka. Goti la mbele lisirudi nyuma. Sehemu iliyo kati ya kifundo na kwato iwe na mwinamo: ikisimama wima humtikisa mguu wote, ikilala mno huchoka upesi. Sikiliza mapigo manne, yote sawa. Halafu tazama vumbini: unyayo wa nyuma ukitua mbele ya alama iliyoachwa na wa mbele, ni dalili njema; nenda nyuma yake ukamtazame tena.