Hilali Chini ya Chuchu: Jinsi Kifua cha Mwanamume Kinavyopunguzwa

Kanzu nyepesi ya Ijumaa haifichi kifua. Mwanamume aliyeota matiti analijua hilo, ndiyo maana hata mwezi wa Machi, joto la Mombasa likiwa limepita nyuzi 32, hutoka kwake Kibokoni na fulana mbili ndani ya kanzu, mabega kayakunja mbele. Jioni wenzake wanapokaa vifua wazi na vikoi viunoni, yeye hajivui. Vijana wanapopiga mbizi pale Mama Ngina, yeye hubaki juu akiwalindia nguo. Mateso haya ni ya kweli, na inaniudhi kuwasikia watu wakiyapuuza kwa kusema mwanamume hana haja na urembo.

Madaktari huiita hali hii ginekomastia. Kila mwanamume ana tezi ndogo ya titi chini ya chuchu, na tezi hiyo hukua pale homoni ya estrojeni inapoizidi nguvu testosteroni. Mafuta ya unene ni jambo jingine. Daktari huvitofautisha kwa vidole viwili: akibana kutoka pembeni kuelekea kwenye chuchu, tezi humkinza kama kisahani kigumu kilichofichwa chini ya ngozi, lakini mafuta hubonyea tu. Wanaume wengi wana vyote viwili kwa pamoja, na kipimo cha kila kimoja ndicho kinachoamua kifaa kitakachotumika siku ya upasuaji.

Upasuaji wenyewe ni wa kale. Paulo wa Aegina, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 7, aliueleza. Karibu na mwaka 1000, Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Kordoba akauandika katika juzuu ya 30 ya kitabu chake At-Tasrif: mkato wa umbo la hilali, mafuta yachambuliwe, kisha jeraha lishonwe. Titi likiwa kubwa na limelegea, aliagiza mikato miwili ya hilali inayokutana ncha, na ngozi iliyobaki katikati iondolewe. Mantiki hiyo haijabadilika sana. Kilichobadilika ni mahali pa kuficha kovu na namna ya kuzuia damu. Mwaka 1946 daktari wa Marekani, Jerome Webster, alichapisha njia ya kukata nusu duara kwenye duara jeusi la chuchu, ambapo kovu halionekani kwa urahisi. Baadaye Mfaransa Yves-Gérard Illouz akaeneza kunyonya mafuta kwa mrija butu, na mwaka 1987 Jeffrey Klein akaeleza jinsi ya kulijaza eneo kwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na ganzi ya lidokeini na adrenalini, ili mishipa isinyae na damu ipungue. Leo mpasuaji hodari huunganisha njia hizo katika kikao kimoja.

Lakini kikao hicho ni cha saa moja au mbili. Nikitazama mahali operesheni hizi zinapoharibikia, naona makosa mengi hutokea kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha upasuaji, au baada ya kurudi nyumbani.

Tuanze na swali la kwanza: kwa nini kifua kimekua? Kijana wa miaka 14 anayeota matiti wakati wa balehe yuko katika hali ya kawaida kabisa. Huwapata wavulana wengi, na mara nyingi huisha yenyewe ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Kumkimbiza kijana huyo kwenye kisu ni haraka isiyo na maana. Kwa mtu mzima, daktari lazima aulize kuhusu dawa. Spironolakitoni ya moyo na ini, ketokonazoli ya fangasi, simetidini ya vidonda vya tumbo, zote zinajulikana kuleta hali hii. Efavirenz, iliyokuwa katika mseto wa ARV kwa miaka mingi kabla ya Kenya kuanza kutumia dolutegravir mwaka 2017, nayo imo. Kisha kuna sindano na vidonge vya kujenga misuli vinavyouzwa kimyakimya kwenye baadhi ya jimu. Mwili hugeuza sehemu ya homoni hizo kuwa estrojeni, na kijana aliyetaka kifua cha chuma hujikuta na matiti. Akipasuliwa na kuendelea kudunga, anajitafutia kurudi mezani.

Kuna uchunguzi mmoja ambao wanaume huukwepa kwa haya, nao haukwepeki: wa korodani. Uvimbe wa korodani unaweza kutoa homoni zinazokuza matiti, na kifua kikawa ndiyo dalili ya kwanza kuonekana. Ini, figo na tezi ya shingo pia hupimwa kwa damu. Uvimbe ukiwa upande mmoja tu, mgumu, haupo katikati chini ya chuchu, au chuchu inatoa damu, picha ya altrasaundi au mamografia hutangulia, kwa sababu wanaume nao hupata saratani ya matiti, takriban mgonjwa mmoja wa saratani hiyo katika kila mia ni mwanamume. Na kama hali ni changa na inauma, kuna dawa, tamoksifeni, inayoweza kusaidia. Baada ya mwaka mmoja hivi tezi huwa imejaa nyuzi ngumu na dawa haifui dafu tena. Hapo ndipo kisu kinapopata kazi yake halali.

Maandalizi ya mgonjwa mwenyewe yanahitaji ukweli. Sigara iachwe angalau wiki nne kabla, maana nikotini huinyima chuchu damu, na chuchu iliyokosa damu inaweza kufa. Aspirini na ibuprofeni husimamishwa kwa agizo la daktari, pamoja na vidonge vya kitunguu saumu na vya ginseng vinavyolegeza kuganda kwa damu. Mombasa hatuwezi kunyamaza kuhusu miraa na muguka. Vyote viwili hupandisha presha na mapigo ya moyo, na daktari wa nusukaputi asiyejua kwamba mgonjwa wake alikesha akitafuna anafanya kazi gizani. Aambiwe. Mtu mwenye historia ya kovu linaloota na kuwa kubwa, sikioni au kifuani, aseme mapema, kwa kuwa ngozi nyeusi huelekea zaidi kufanya makovu hayo na kifua ni mojawapo ya sehemu zake. Asubuhi ya siku yenyewe: hakuna chakula kwa saa sita, na maji matupu mwisho ni saa mbili kabla.

Mgonjwa huchorwa akiwa amesimama, kwa sababu akilala kifua hutawanyika na michoro ikadanganya. Baada ya nusukaputi, maji ya ganzi huingizwa na mpasuaji husubiri ngozi ipauke. Mrija wa milimita tatu au nne huingia kwa tundu dogo pembeni na kunyonya mafuta kwa mwendo wa kutawanyika kama pepeo, ili mpaka wa kifua usibaki na ngazi. Kisha hukatwa hilali ya Webster, na tezi huchambuliwa kutoka kwenye msuli.

Hapa ndipo ufundi hupimwa. Mpasuaji mwenye pupa huiondoa tezi yote, na chuchu hudidimia shimoni kwa kukosa tandiko. Mzoefu huacha unene wa karibu sentimita moja chini yake. Mgonjwa asiyeelezwa hilo mapema hupapasa kifua baada ya miezi, akagusa kitandiko hicho na kudhani ameibiwa. Damu huzuiwa nukta kwa nukta, wakati mwingine mrija wa kutoa majimaji huachwa, na fulana ya kubana huvalishwa hapohapo. Tezi iliyotolewa ipelekwe maabara ya patholojia. Nalisisitiza hili kwa sababu ni rahisi kulikata ili kupunguza gharama, na ndilo jibu la mwisho kwamba hakukuwa na kitu kibaya ndani.

Saa 48 za mwanzo ni za kujihadhari na kuvuja damu. Upande mmoja ukivimba ghafla, ukawa mgumu na wenye maumivu yanayozidi, damu imejikusanya ndani. Hiyo ni safari ya kurudi hospitali usiku uleule, si ya kungoja kupambazuke. Majimaji yanayojikusanya polepole baada ya siku kadhaa ni jambo dogo zaidi, hutolewa kwa sindano kliniki.

Baada ya hapo huja wiki nne hadi sita za fulana, na hapa vitabu vilivyoandikwa kwenye baridi havitusaidii. Fulana hiyo hubana usiku na mchana. Katika joto na unyevu wa kisiwa hiki, jasho hujaa, harara huota, na mgonjwa huivua siku ya tano; nafasi iliyoachwa na tezi hujaa maji na ngozi haishiki vizuri. Ushauri wangu ni huu: anayeweza kuchagua, achague majira ya kusi, Juni hadi Agosti, hewa inapopoa. Awe na fulana mbili, moja ikifuliwa nyingine mwilini, na fulana nyepesi ya pamba chini yake daktari akiruhusu. Chumba cha chini katika nyumba ya zamani ya mawe, yenye kuta nene, ni bora kuliko cha juu kilichopakana na bati.

Jambo jingine ni kukandwa. Kwetu mgonjwa hukandwa kwa maji ya moto, na nyanya atakuja na kitambaa chake kwa mapenzi yote. Akataliwe kwa adabu. Ngozi ya kifua huwa imekufa ganzi kwa wiki au miezi, haihisi joto, na maji ambayo mkono wa nyanya unayavumilia yanaweza kuibabua bila mgonjwa kujua. Kukandwa mapema pia huamsha damu. Liwa na mafuta ya habasoda visubiri mshono ufunge kabisa.

Mikono isipande juu ya mabega kwa wiki za mwanzo, na mgonjwa alale chali kichwa kikiwa juu. Kuswali ameketi ni ruhusa ya mgonjwa, aitumie. Karani anaweza kurudi kazini baada ya wiki moja. Hamali wa Marikiti, msukuma mkokoteni na mvuvi wa kuvuta nyavu wanahitaji wiki nne hadi sita, na mahesabu ya gharama lazima yajumuishe siku hizo zisizo na mapato, kwa kuwa bima nyingi hukataa kulipia zikisema ni urembo. Msongamano wa feri ya Likoni nao uepukwe. Kiwiko kimoja kifuani kinatosha kuleta balaa. Baharini, mpaka majeraha yapone. Kifua hakihukumiwi kabla ya miezi sita, na kovu huchukua mwaka au zaidi kutulia.

Limebaki suala la nani akupasue. Mwishoni mwa 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo, na kituo alichopasuliwa kikafungwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC. Baraza hilo lina rejista ya madaktari na ya vituo, na liko wazi kwa kila mwananchi. Kabla ya kulipa hata shilingi, tafuta humo jina la atakayekushika, uhakikishe amesajiliwa kuwa bingwa wa upasuaji, kisha muulize maswali matatu: amekuchunguza korodani, tezi yako itapelekwa maabara gani, na usiku kifua kikivimba utampigia nani simu. Akikosa jibu la lolote kati ya hayo, ondoka.