Meza ya Jessica Drummond

Mlinda sheria Griff Bonnell anaingia na hati ya kumkamata mmoja wa watu wa Jessica Drummond, anawakuta wote mezani wakila, wanaume wamejipanga huku na huku. Hati haiendi moja kwa moja kwa Jessica. Inapokezwa mkono kwa mkono, na kamera inaifuata kando ya meza ndefu hadi inamfikia mwanamke aliyeketi mwishoni. Kabla hajatamka lolote, tumeshajua nchi hii ni ya nani.

Ndiyo Forty Guns, picha ya kaoboi ya mwaka 1957, iliyoandikwa na kuongozwa na Samuel Fuller. Mji ni Tombstone, Arizona, na steringi ni Barbara Stanwyck, anayemwigiza Jessica. Fedha zilikuwa kidogo, siku za kazi chache, na picha haina rangi. Fuller, aliyewahi kuwa ripota wa habari za uhalifu New York kisha askari wa miguu katika Vita Kuu ya Pili, alijua kusema mengi kwa machache. Alichokuwa nacho ni CinemaScope, ile skrini pana, na mpiga picha Joseph Biroc.

Wengi waliitumia skrini ile kuonyesha milima. Fuller anaijaza watu. Mwanzoni tu, gari la Griff na ndugu zake wawili liko peke yake uwandani. Ghafla wapanda farasi arobaini wanalipita kwa kishindo, vumbi tupu, na anayewaongoza ni Jessica, amevaa nyeusi juu ya farasi mweupe. Baadaye ndugu hao wanatembea mjini wakizungumza, na kamera inarudi nyuma mbele yao barabara nzima bila kukatwa. Shoti ya namna hiyo haina pa kujificha: mwigizaji akikosea neno, au farasi akichelewa, wote wanarudi walikoanzia. Ni uhodari wa mazoezi, na fedha hainunui mazoezi.

Halafu kuna kimbunga. Jessica anaanguka, mguu umenasa kwenye kikuku cha tandiko, farasi anamburuta. Aliyepaswa kumwigizia hatari hiyo alikataa, akiona inazidi kiasi. Stanwyck, aliyekuwa anakaribia miaka 50, akaifanya mwenyewe. Ndiyo maana kamera haikuhitaji kumficha uso.

Mwisho wake ni laini kuliko picha yenyewe. Fuller alitaka Jessica afe, studio ikakataa, na pengo hilo linaonekana. Hata hivyo, kijana yeyote anayetaka kuongoza filamu kwa fedha za kuungaunga aitazame hii mara mbili: kwanza kwa ajili ya hadithi, kisha azime sauti, afuate kila shoti inapoanzia na inapokatiwa.