Neno la Mgonjwa katika Kumbukumbu za Kompyuta

Makarani na matabibu wanaojifunza kuandika habari za wagonjwa kwa kompyuta hufundishwa kwanza kazi ya mkono: kuingia kwa neno la siri, kutafuta jina la mgonjwa, kuchagua ugonjwa katika orodha, na kuhifadhi. Mafunzo hayo ni ya lazima, wala hatuyabezi. Lakini yana upungufu ambao wataalamu wa lugha hawana budi kuutazama: humwonyesha mwanafunzi mahali pa kuliweka neno, wala hayamfundishi kulipima.

Mwaka 1968 daktari Lawrence Weed wa Marekani alishauri kwamba kumbukumbu zipangwe kwa kufuata matatizo ya mgonjwa. Katika mpango huo maelezo ya mgonjwa mwenyewe hutangulia. Hufuata yale aliyoyaona daktari, kisha uamuzi wake, na mwisho matibabu anayoyakusudia. Kutenganisha usemi wa mgonjwa na uamuzi wa daktari ndiko msingi wa kumbukumbu njema.

Sasa tutazame Kiswahili. Mgonjwa asema, "Nina homa." Katika usemi wa watu wengi homa ni joto la mwili, pengine ni uchovu na kutojisikia vizuri, na pengine ni malaria yenyewe. Mwandishi asiyefunzwa kupambanua, mwenye orodha ya Kiingereza mbele yake na watu wengi wanaongoja mlangoni, huenda akachagua malaria kabla damu haijapimwa. Hapo neno la mgonjwa limegeuzwa kuwa uamuzi wa tabibu, na atakayeifungua kumbukumbu hiyo mwakani hataijua tofauti. Kichomi ni vivyo hivyo: ni maumivu ya kuchoma ubavuni, na pia ni nimonia. Degedege ni neno zito zaidi. Tabibu husikia habari za kukakamaa na kutetemeka kwa mtoto. Bali wazazi wengi wa pwani wameutambua kuwa ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria, unaotakiwa kupelekwa kwanza kwa mganga. Neno hilo likifutwa, hufutika pamoja nalo sababu ya mtoto kuchelewa kufika hospitali.

Wako watakaosema kwamba kosa ni la mashine. Sivyo. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana vilianzisha kumbukumbu za kompyuta, na makarani wakaingiza yaliyoandikwa katika fomu. Mwaka 2004 ilianza programu ya OpenMRS, ambayo tangu 2006 imetumika Eldoret. Ndani yake imo kamusi ya dhana: kila dhana ina namba yake, na yaweza kupewa majina mengi, kwa lugha nyingi, pamoja na visawe vyake. Basi nafasi ya Kiswahili ipo. Kinachotakiwa ni mtunga kamusi aiweke homa miongoni mwa dalili, asiifanye kisawe cha malaria. Na kichomi akipe vidahizo viwili.

Na katika darasa, mwanafunzi asikie kwanza usemi wa mgonjwa, auandike kama ulivyosemwa, aulize swali la kuufafanua, ndipo aitazame orodha. Asiyezoezwa hivyo atakuwa mwepesi wa vidole tu, na wepesi huo utaeneza kosa upesi kuliko kalamu.